George Washington Williams, mbunge wa Ohio aliyemshitaki Leopold II kutoka Kisangani

Tarehe 18 Julai 1890, katika kituo cha Stanley Falls, pale ambapo leo ni Kisangani, mtu mmoja mweusi kutoka Marekani alimaliza kuandika barua ndefu. Barua hiyo ilikuwa ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, ambaye wakati ule alikuwa na Kongo yote mkononi mwake kama mtu anavyokuwa na shamba lake. Mwandishi aliitwa George Washington Williams. Alikuwa amepita kazi nyingi: askari, mchungaji wa kanisa, mwanagazeti, mwanasheria, mbunge wa jimbo la Ohio, mwandishi wa vitabu vya historia. Alikuwa na miaka 40, na wa kuishi ulibaki mwaka mmoja tu.

Huku kwetu, mtoto yeyote aliyepita shule anajua jina la Stanley. La Williams wanalijua wachache, ingawa ndiye mtu wa kwanza aliyekuja kutoka mbali, akawasikiliza wakaaji wa kando ya mto, kisha akaandika mashitaka kamili juu ya serikali ya Leopold.

Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1849 huko Bedford Springs, katika jimbo la Pennsylvania. Utumwa ulikuwa bado unaendelea katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, lakini yeye alizaliwa Kaskazini. Shule aliyoipata utotoni ilikuwa kidogo sana. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaelekea mwisho, alijiandikisha katika jeshi la Kaskazini. Alikuwa na miaka 14 tu, kwa hiyo alitumia jina lisilo lake. Vita vilipokwisha alivuka mpaka akaingia Meksiko, akapigana upande wa wanajamhuri waliokuwa wanataka kumwondoa Maximilian, mfalme aliyewekwa na Wafaransa. Aliporudi alijiunga tena na jeshi la Marekani, safari hii katika kikosi cha 10 cha wapanda farasi, kikosi cha askari weusi. Mwaka 1868 risasi ilimpiga kwenye pafu, na jeshi likamwachilia. Alikuwa bado hajafikisha miaka 20.

Mwaka 1869 aliandika barua ya kuomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Barua hiyo ilijaa makosa ya maandishi kiasi kwamba msomaji angedhani imeandikwa na mtu anayeanza kujifunza herufi. Hakukaa Howard muda mrefu. Alihamia chuo cha tauhidi cha Newton, karibu na Boston, na mwaka 1874 akawa mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo pale. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu ile barua. Mwaka huohuo alitawazwa kuwa mchungaji, akamwoa Sarah Sterrett wa Chicago, akaongoza kanisa la Twelfth Baptist mjini Boston.

Lakini kukaa mahali pamoja hakukuwa tabia yake. Mwaka 1875 aliacha kanisa akaenda Washington kuanzisha gazeti la watu weusi, The Commoner. Frederick Douglass, ambaye alikuwa amezaliwa mtumwa na akawa sauti kubwa ya watu weusi wa Marekani, alimuunga mkono. Gazeti lilitoka mara nane tu, pesa zikaisha. Mwaka 1876 alikwenda Cincinnati, katika jimbo la Ohio, kuchunga kanisa lingine la Kibatisti. Huko ndiko alikoingia katika sheria na siasa.

Alijifunza sheria katika ofisi ya Alphonso Taft, mwanasiasa mkubwa wa chama cha Republican ambaye mwanawe alikuja kuwa rais wa Marekani. Huku kwetu tungesema Williams alikuwa avoka mwanafunzi katika ofisi ya avoka mzee. Wakati huohuo aliandika katika gazeti moja la Cincinnati kwa jina la kujificha. Mwaka 1877 alisimama katika uchaguzi wa bunge la jimbo, akashindwa. Mwaka 1879 alisimama tena, akashinda. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika bunge la Ohio. Ilikuwa imepita miaka 14 tu tangu utumwa ufutwe nchini mwake.

Kazi yake bungeni haikuwa ya kusifiwa yote. Huko Columbus, mji mkuu wa jimbo, mkahawa mmoja ulikataa kumpa chakula kwa sababu ya rangi yake, ingawa alikuwa mbunge. Alijaribu kufuta sheria iliyokataza watu weupe na weusi kuoana, hakufaulu. Kisha akafanya jambo lililowakasirisha watu wake mwenyewe: alisimamia muswada wa kufunga makaburi ya watu weusi yaliyokuwa Avondale, mtaa ambamo wazungu wenye nyumba hawakuyataka tena karibu nao. Kwa watu weusi wa Cincinnati lile lilikuwa tusi. Mbunge waliyemtuma kuwatetea alikuwa amewasaidia wengine kuwaondolea makaburi ya wazee wao. Anayefuata siasa za mabunge yetu ya mikoa atalielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Williams alimaliza muhula mmoja, 1880 na 1881, na hakurudi.

Aliyoyapoteza katika siasa aliyatafuta katika vitabu. Mwaka 1882 ilitoka kazi yake kubwa, historia ya watu weusi wa Marekani kuanzia mwaka 1619 mpaka 1880, katika vitabu viwili. Yeye mwenyewe alisema alipitia vitabu zaidi ya 12,000 ili kuiandika. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameandika historia hiyo kwa ukamilifu hivyo. Alikusanya hati za serikali, magazeti ya zamani na maandishi ya makanisa, akawaandikia barua watu waliokuwa wameshuhudia mambo, akalinganisha maneno yao. Mwaka 1887 alitoa kitabu kingine, juu ya askari weusi katika vita vya Marekani. Baadaye W.E.B. Du Bois, msomi mkubwa, alimhesabu kuwa mwanahistoria wa kwanza kwa ukubwa kati ya watu weusi. Mazoea haya ya kukusanya ushahidi ndiyo aliyoyaleta Kongo.

Kasoro zake hazikuwa siri. Alikuwa na madeni kila alikopita. Alijiita kanali bila haki wazi ya cheo hicho. Aliachana na mke wake Sarah bila kupata talaka, akamwacha pamoja na mtoto wao wa kiume. Mwaka 1885 rais Chester Arthur, akiwa katika siku zake za mwisho madarakani, alimteua kuwa balozi wa Marekani nchini Haiti. Seneti ilikubali, naye akaapishwa. Serikali mpya ya rais Cleveland ikamzuia asiende. Akashitaki kudai mshahara wake, akashindwa.

Sasa tufike kwa Leopold. Mwezi wa Aprili 1884 Marekani ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua bendera ya shirika la Leopold huko Kongo, na Williams alikuwa mmoja wa waliolitaka jambo hilo. Yeye, kama Wamarekani wengine wengi, aliamini kwamba mfalme huyo alikuwa anapigana na biashara ya watumwa na kuleta shule na dawa. Mwaka 1889 alifika Brussels kuandikia magazeti habari za mkutano wa kupinga utumwa, akapata nafasi ya kuzungumza na mfalme uso kwa uso. Leopold alimwambia kwamba anafanya yote kama wajibu wa Mkristo kwa Mwafrika maskini, na kwamba hataki kurudishiwa hata franga moja ya pesa alizotumia. Williams alitoka pale akiwa ameshikwa, akamsifu katika magazeti.

Alikuwa na mpango. Alitaka kuwachukua vijana weusi wa Marekani wenye masomo, kwanza kutoka shule ya Hampton huko Virginia, waje kufanya kazi Kongo. Alikwenda Hampton kuzungumza na wanafunzi. Wakamwuliza maswali ya kawaida: nchi hiyo ikoje, maisha ni namna gani, kazi ni ipi. Hakuweza kuwajibu. Hapo akaamua kwenda kujionea mwenyewe kabla ya kumpeleka mtoto wa mtu. Mfalme alijaribu kumzuia asisafiri, hakusikia. Collis Huntington, tajiri wa reli za Marekani aliyekuwa na hamu na reli iliyopangwa kujengwa Kongo, alimsaidia pesa za safari. Rais Benjamin Harrison alimpokea, naye Williams akaahidi kumletea ripoti.

Aliondoka Liverpool mwezi wa Januari 1890. Merikebu ilipita bandari nyingi za pwani ya Afrika ya magharibi kabla ya kufika mdomo wa mto Kongo. Reli ya Matadi haikuwapo bado, ilikuja kumalizika mwaka 1898. Kwa hiyo alipanda kwa miguu, pamoja na wapagazi, kutoka Bas-Kongo mpaka Stanley Pool, ambako leo ni Kinshasa. Kutoka pale akapanda mto katika masua ya moshi mpaka Stanley Falls, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Njiani alikuwa anashuka, anauliza, anaandika. Aliongea na wamisionari, wafanyabiashara, maofisa wa serikali, na hasa na wakaaji wenyewe. Wazungu wengi waliopita katika mto huo miaka ile waliandika juu ya Wakongo, lakini ni vigumu kumpata mwingine aliyewauliza wana malalamiko gani.

Barua aliyoiandika ina mpango wa avoka anayefungua kesi. Kwanza anaeleza jinsi nchi ilivyochukuliwa, kisha mashitaka yanafuata moja baada ya lingine. Mwanzoni kabisa anasema kwamba orodha ya mashahidi pamoja na hati, barua na maandishi ya serikali vimetayarishwa, na vitawekwa kwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza mpaka itakapoundwa kamati ya kimataifa yenye uwezo wa kuita mashahidi na kuwaapisha. Hakuomba aaminiwe kwa maneno yake tu. Aliomba uchunguzi.

Juu ya namna mapatano na wakubwa wa vijiji yalivyopatikana, alieleza hila za ajabu. Watu wa Stanley walinunua betri za umeme London, wakazifunga mkononi chini ya koti, na utepe ukafika mpaka kwenye kiganja. Mzungu alipomshika mkono mkubwa wa kijiji, huyo alishtuka karibu aanguke, akaamini kwamba mzungu ana nguvu za kung'oa miti. Wengine walitumia kioo cha kukusanya mwanga kuwasha sigara kwa jua, kisha wakasema kwamba wakiliomba jua litateketeza kijiji. Kulikuwa pia na mchezo wa bunduki: mzungu alijifanya kupigwa risasi, kisha akainama akaitoa risasi katika kiatu chake. Kwa hila hizo, na kwa masanduku machache ya pombe ya jini, vijiji vizima vilitiwa katika karatasi.

Mashitaka yenyewe yanauma zaidi. Alisema serikali ya mfalme haikuwa imetumia hata franga moja kwa shule. Kutoka mdomo wa mto mpaka Stanley Falls, wagonjwa Waafrika waliokuwa katika kazi ya serikali walikuwa na vibanda vitatu tu, ambavyo yeye aliona havifai hata kwa farasi. Vituo vya askari kando ya mto viliishi kwa kuwanyang'anya wakaaji samaki, mbuzi, kuku na mboga kwa kitisho cha bunduki, na kijiji kikikataa, kilichomwa. Wafungwa walifungwa shingoni minyororo ya ng'ombe iliyowachuna ngozi. Mahakama hazikuwa na haki. Wanawake waliletwa kwa nguvu kuwatumikia maofisa. Alisimulia pia juu ya maofisa wawili Wabelgiji waliomwona mtu katika mtumbwi, wakaweka dau la pauni tano nani atampiga kwa bunduki. Zilipigwa risasi tatu, na yule mtu akafa akiwa ametobolewa kichwa.

Juu ya utumwa, ambao Leopold alijisifu kwamba anaupiga vita, Williams aliandika kwamba serikali yenyewe inanunua watumwa, pauni tatu kwa kila mwanaume mwenye nguvu, ili kuwafanya askari. Askari wengine walitoka pwani ya mashariki, na wengi wao walikuwa watumwa vilevile.

Sehemu moja ya barua inagusa moja kwa moja nchi yetu ya mashariki. Tangu mwaka 1887 Leopold alikuwa amemfanya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara. Watu wa Tippu Tip ndio waliotawala kutoka Kasongo na Nyangwe mpaka maporomoko, na lugha tunayoandika hapa ilipita kwa sehemu kubwa katika njia zao. Williams alifichua mapatano ambayo kwa hayo gavana huyo Mwarabu angejenga vituo vya kijeshi kutoka maporomoko mpaka ziwa Tanganyika. Malipo yake yalikuwa bunduki 500, mapipa madogo 5,000 ya baruti, na pauni 20,000 za Uingereza. Alikumbusha kwamba mfalme hakuwa na haki yoyote juu ya nchi hizo. Na kwa hakika alikuwa anawapa silaha walewale aliowaambia Wazungu kwamba anapigana nao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, vita kati ya serikali ya Leopold na Waarabu hao vilianza, na mashariki ikalipa kwa damu mpaka mwaka 1894.

Hakumwacha Stanley. Alisema kwamba jina lake likitajwa kwa wakaaji wa mto, wanatetemeka, kwa sababu wanakumbuka ahadi alizozivunja na vijiji alivyovipita kwa mkono mzito. Stanley wakati ule alikuwa shujaa wa dunia nzima, na kusema hivyo kulihitaji moyo.

Mwezi wa Septemba aliandika kwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani kwamba serikali ya Leopold ina hatia ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ni neno ambalo mahakama za leo hulitumia kila siku. Wakati ule lilikuwa bado halijaingia katika sheria yoyote, na zilipita zaidi ya miaka 50 kabla halijaingia katika kesi za Nuremberg. Mwezi wa Oktoba, akiwa Luanda, alimaliza ripoti yake kwa rais Harrison. Humo alisema kwamba Kongo inahitaji serikali mpya, isiyo ya nchi moja ya Ulaya.

Barua ilichapishwa kama kijitabu, ikasambazwa Ulaya na Marekani. Mwezi wa Aprili 1891 gazeti la New York Herald liliandika habari zake kwa urefu. Brussels ilishtuka. Magazeti yaliyompenda mfalme hayakuhangaika sana na mashahidi wala hati, yalimshambulia mtu mwenyewe: ni kanali wa wapi huyu, ana madeni mangapi, ametoka wapi. Stanley alisema barua hiyo ni jaribio la kumtisha mfalme ili kupata pesa. Huntington, aliyempa pesa za safari, aliona amemkosea mfalme. Mwezi wa Juni jambo hilo likafika katika bunge la Ubelgiji, na wakubwa wa serikali ya Kongo wakatoa ripoti ya kurasa 45 kumjibu.

Kasoro zake ndizo zilizowasaidia. Madeni yalikuwa ya kweli, na ukanali ulikuwa wa mashaka. Lakini hakuna aliyeiita ile kamati ya kimataifa kuwaapisha mashahidi, na swali la kama yule mtu wa mtumbwi aliuawa au hapana halina uhusiano wowote na madeni ya Williams.

Yeye hakuwa na nguvu za kujibu tena. Kutoka Luanda aliendelea kuzunguka Afrika mpaka Misri, na mwanzoni mwa mwaka 1891 akaugua vibaya Cairo. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika. Katika merikebu ya kwenda Uingereza alikutana na Alice Fryer, binti Mwingereza, wakachumbiana. Hakumwambia kwamba ana mke Marekani. Alice na mama yake walimpeleka Blackpool, mji wa pwani, wakitumaini hewa ya bahari itamsaidia. Alikuwa na nia ya kuandika kitabu kamili juu ya Kongo. Alikufa huko tarehe 2 Agosti 1891, akiwa na miaka 41.

Wakati anaandika pale Stanley Falls, kilichotafutwa zaidi kilikuwa pembe za tembo. Biashara ya mpira, pamoja na mikono iliyokatwa, ilikuwa bado mbele. Mwezi wa Septemba 1891, majuma machache baada ya kifo chake, Leopold alitoa amri ya kuweka pembe na mpira wa nchi kubwa mikononi mwa serikali yake. Ripoti ya Roger Casement ilitoka mwaka 1904, na mwaka huohuo E.D. Morel akaanzisha shirika lake la kutetea Kongo. Leopold aliachilia Kongo mwaka 1908, miaka 18 baada ya barua ya Williams. Mengi ambayo Casement na Morel walitajiwa sifa kwa kuyafichua, yule mbunge wa zamani wa Ohio alikuwa ameshayaandika.

Alizikwa Blackpool katika kaburi lisilo na jina. Mwanahistoria mweusi wa Marekani, John Hope Franklin, alianza kumtafuta katika miaka ya 1940, akafuata nyayo zake kwa miaka 40, na mwaka 1985 akatoa kitabu cha maisha yake. Kabla ya hapo, mwaka 1975, alikuwa ameligundua kaburi lenyewe, na jiwe likawekwa juu yake. Lina jina lake, miaka aliyoishi, na kazi yake ya mwanahistoria.